Umeniandikia Mimi au Aliyekutuma?

Kipeperushi kilikuwa cha kurasa mbili, juu kina ukanda wa kijani, chini picha ya hindi lililoota ukungu. Nilikiandika mimi, kwa mkataba wa miezi mitatu na ofisi moja ya hapa Dodoma, na siku kilipotoka kwa mchapaji nilikiona kizuri. Kilieleza sumukuvu ni nini, inatokana na nini, inashambulia mazao gani, na mwishoni kikatoa maelekezo saba kwa mkulima. Hakikuwa na jambo hata moja la uongo. Nikapanda gari la Kongwa na boksi la nakala.

Mama wa kwanza niliyemfikia alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, ungo mapajani, anachambua karanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikampa karatasi. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza, kidole kikifuata maneno, hadi mstari wa tatu. Mstari wa tatu ulisema hivi: "Sumukuvu ni kemikali za sumu zinazozalishwa na baadhi ya jamii za kuvu pale mazao yanapokuwa katika mazingira ya unyevunyevu na joto." Kidole kikasimama hapo. Akarudi mwanzo, akafika palepale, kidole kikasimama tena. Akaiweka karatasi chini, akaiwekea karanga kadhaa juu isipeperushwe na upepo, kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira:

"Mwanangu, hii umeniandikia mimi, au umemwandikia aliyekutuma?"

Nilinyamaza. Wakati naandika mstari ule, aliyekuwa mbele ya macho yangu ni bosi: mtu mwenye shahada mbili, ambaye angepitia kazi yangu aone kama nimelielewa somo kabla ya kusaini malipo. Mstari ulifika kwake salama na ukampendeza. Kwa mama yule haukuwa umetoka hata Dodoma.

Nina miaka 11 katika kazi hii ya kuandikia watu. Nimeandika barua za vikundi vya akina mama, maandiko ya miradi, mabango ya mikutano ya hadhara, na risala nyingi za kumsomea mgeni rasmi. Nimehudhuria semina za uandishi. Lakini ninapokaa kuandika chochote cha kumwomba mtu abadili mawazo, ni swali la mama yule ninaloanza nalo, na leo nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu naona vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii wakidhani kushawishi ni kuchagua maneno mazito.

Kiswahili kina neno kwa sanaa hii: balagha. Wengi tulikutana nalo darasani kwenye "swali la balagha", lile swali lisilosubiri jibu, tukaliacha hapohapo. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufika. Mzizi huohuo ndio uliotupatia baleghe: aliyebaleghe amefika. Kwa hiyo mwenye balagha ni mtu ambaye maneno yake yanafika, yawe matamu au machungu. Wanazuoni wa Kiarabu wa zamani waliieleza kuwa ni usemi fasaha unaolingana na hali inavyodai, na wana msemo kwamba kila mahali pana maneno yake. Tangu nilipolielewa neno hili hivyo, swali langu la kwanza halikuwa tena "niseme nini". Likawa: huyu ninayetaka kumfikia yuko wapi sasa hivi, na njia ya kwenda kwake inaanzia wapi?

Wagiriki nao walilitazama jambo hili karibu hivyohivyo. Mwanafalsafa wao Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema sanaa hii ni uwezo wa kuona, katika kila jambo, njia za kushawishi zilizopo. Alitumia neno kuona. Akataja njia tatu: namna msemaji anavyoaminika, namna msikilizaji anavyoguswa, na namna hoja yenyewe inavyosimama. Hizi tatu hufundishwa kila mahali. Ambalo hurukwa ni kwamba baada ya hapo alikaa chini akaeleza, moja baada ya nyingine, hasira ni nini na humjia mtu kwa sababu gani, hofu, aibu, huruma, husuda. Vijana wana tabia zipi, wazee zipi, wenye mali zipi. Alitumia kurasa nyingi kwenye watu kuliko wengi wetu tunavyotumia dakika.

Hapa kwetu tuna njia ya mkato. Mgeni rasmi anapanda jukwaani, anasema "Mbukwenyi!", watu wanaitikia kwa shangwe, na yeye anaona ameshawafikia. Kisha anafungua karatasi na kusoma kwamba mkakati ni kuwajengea uwezo wadau wote wa mnyororo wa thamani. Nimekaa nyuma kabisa kwenye mikutano ya namna hiyo. Watu wanapiga makofi kwa adabu, na wakiondoka nawasikia wakiulizana kwa sauti ya chini, amesema nini? Salamu ya Kigogo ni heshima na naipenda. Ila salamu hiyo haikuitafsiri ile karatasi, na baadhi ya karatasi zile niliziandika mimi.

Sasa, jambo lililonipeleka Kongwa halikuwa dogo. Mwaka 2016, kwenye vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, watu walianza kuugua: macho manjano, tumbo kujaa, kutapika. Waliougua walizidi 60 na karibu 20 wakafariki. Uchunguzi ukaonesha kwamba mahindi waliyokuwa wakila yalikuwa na sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno. Sumu hii huwezi kuiona, haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Anayekula nyingi kwa mkupuo ini lake hushindwa. Anayekula kidogokidogo kwa miaka hujiweka kwenye hatari ya saratani ya ini. Kuvu wake hupenda zao lililoteseka, na zao la Dodoma huteseka mara nyingi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka ukiwa mbaya zinakatika mahindi yakiwa yanachanua. Kinachoanzia shambani kinakuja kukamilishwa ghalani na unyevu.

Fikiria basi ugumu wake. Unamwandikia mtu kuhusu sumu asiyoweza kuiona, ndani ya chakula alichokihangaikia mwaka mzima, chakula ambacho amekula tangu utoto na wazazi wake walikula wakaishi hadi uzee.

Na mimi, maelekezo yangu ya tano yalikuwa: "Tupa nafaka zote zenye dalili za ukungu."

Siku ile nilishika upande wa pili wa ungo nikaanza kuchambua naye. Tulichambua hadi jua likashuka. Sikumfundisha kitu. Nilimsikiliza. Aliniambia kuhusu mtu ambaye mwaka fulani alikutwa amemwaga pumba zilizokuwa bado na chenga, na namna kijiji kilivyomsema. Akanieleza njaa ambazo bibi yake alizihesabu kwa majina. Wagogo huipa njaa jina kama anavyopewa mtoto. Ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma, inaitwa Mtunya. Zaidi ya miaka 100 imepita na jina bado linatajwa. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo, mimi nimewajia na karatasi yenye ukanda wa kijani inayowaambia "tupa".

Hoja yangu ilikuwa sahihi kisayansi na ilikuwa tusi. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye sentensi moja, na mwandishi asipojua atalaumu wasomaji kwamba ni wagumu kuelewa. Nimeisikia lawama hiyo ofisini mara nyingi. "Elimu haijawafikia." Elimu ilifika, ikakuta mlangoni kuna jambo kubwa zaidi yake.

Jibu lilikuwa mapajani kwake muda wote. Unapochambua karanga kwenye ungo, kuna zile ambazo mkono unazisukuma pembeni bila kufikiri: zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi. Anafanya hivyo kwa sababu zinaharibu ladha ya mboga. Basi sayansi inasema kwenye hizohizo ndimo sumukuvu hujikusanya zaidi, na kuziondoa kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa sana. Mkono wa mama yule ulikuwa umefika nusu ya safari kabla sijazaliwa. Nilichotakiwa kuandika ni hiyo nusu iliyobaki. Toleo la pili la kipeperushi likaanza hivi: "Zile karanga ambazo mkono wako unazisukuma pembeni ya ungo, usizirudishe chunguni. Mkono wako uko sahihi. Humo ndimo inamojificha sumu ya kuvu." Neno sumukuvu lilikuja mstari wa nne, likiwa limeshapata mahali pa kukaa.

Kuzungumzia karanga ukiwa Kongwa bila kuukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ni vigumu, na niuseme hapa kwa sababu kwangu ni somo la uandishi kuliko la kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe kukagua ardhi ya Tanganyika. Ukaandika taarifa, serikali ya London ikashawishika, na mwaka 1947 mitambo ikaanza kung'oa vichaka vya Kongwa. Mpango ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1951 ulifutwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Udongo wa pale una mfinyanzi, na kiangazi kikiingia hukakamaa. Majembe ya matrekta yalivunjika, na karanga zilizokuwa zimekomaa ardhini zikawa haziwezi kung'olewa. Mvua nazo zilikuwa mvua za Kongwa.

Ukiitazama taarifa ile kwa jicho la mwandishi, ilifanya kazi yake. Iliwajua wasomaji wake: hofu yao ya mgawo wa chakula, imani yao katika mitambo, lugha yao ya ekari na tani na pauni. Iliwafikia vizuri kabisa. Lakini Wagogo, ambao kwenye ardhi hiyohiyo walipanda mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwa sababu wanazozijua, hawakuwa kati ya walioandikiwa, na walichokijua hakikuwa na uzito mezani London. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mtu anayeniambia andiko zuri ni lile lililopata fedha. Andiko lile lilipata fedha kuliko maandiko yote nitakayoandika maisha yangu yote.

Basi nirudi kwenye toleo la pili, maana kulikuwa na tatizo jingine ambalo ungo haukuweza kulitatua. Mahindi. Kipeperushi cha kwanza kilisema mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13. Asilimia 13 ya nini, na mtu ataijuaje?

Hapa nitapita Roma kidogo. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na tafsiri yake ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, kwa hiyo simulizi hii tunayo kwa Kiswahili tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Kaizari ameuawa. Brutus, mmoja wa waliomuua, anapanda kuzungumza na umati. Anaeleza kwa utulivu: nilimpenda, lakini niliipenda Roma zaidi, naye alikuwa na tamaa ya ukuu. Hoja imepangika. Umati unashangilia, na sauti moja inapazwa: basi huyu na awe Kaizari! Nilisoma mara nyingi kabla sijaona uzito wa sauti hiyo. Mtu ameeleza kwamba ameua ili Roma isipate mfalme, na wanaomshangilia wanataka kumtawaza yeye. Wamemkubali bila kumwelewa. Brutus anashuka akiamini wamekwenda pamoja.

Kisha anapanda Antony, rafiki wa Kaizari. Anachukua joho la Kaizari na kuonesha tundu moja baada ya jingine, hapa kisu cha fulani kilipita, hapa cha fulani. Anawaonesha mwili. Anataja wosia, drakma 75 kwa kila raia. Umati unageuka kabisa. Walimu wengi wa somo hili wanaishia hapo, wakimsifu Antony kwa kuijua hadhira. Mimi naomba msomaji aendelee na tukio linalofuata, ambalo ni fupi: umati uleule unakutana barabarani na mshairi aitwaye Cinna, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni mshairi tu. Wanamrarua kwa sababu ya jina. Antony aliwajua watu wale vizuri, na huko ndiko alikowafikisha.

Kwa hiyo kwake nimechukua kitu kimoja, joho. Nikimtaka mtu aamini kisichoonekana, nimtafutie kinachoonekana na kushikika, nacho kiwe cha kweli.

Kwa mahindi kipo. Kuna kipimo cha siku nyingi cha chupa na chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kidogo na vijiko kadhaa vya chumvi iliyokauka vizuri, unaziba, unatikisa kwa dakika chache, unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa kuzidi asilimia 15 na hayafai kuingia ghalani. Kioo kikibaki safi, yameshuka chini ya hapo, na siku moja mbili zaidi za jua, juu ya turubai na siyo juu ya udongo, zinayamalizia.

Tulifanya jaribio hilo nyumbani kwa mama yule, safari yangu ya pili, kwa chupa ya soda na chumvi aliyoikausha mwenyewe kwenye kikaango. Majirani wanne walikuwepo. Mahindi yalikuwa ya gunia ambalo mwanawe alikuwa ameshalishona. Alitikisa yeye. Tukakaa, tukazungumza habari za mvua. Ilipotimia robo saa aliinua chupa kuelekea kwenye mwanga wa mlango, akaizungusha. Upande mmoja wa kioo chumvi ilikuwa imeshika, nyeupe, kama umande uliokataa kudondoka. Aliichungulia muda mrefu. Kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake: "Kumbe bado yana maji." Akamwita mwanawe aje kulifumua gunia.

Sentensi hiyo sikuiandika mimi, na hakuna sentensi yangu ambayo ingefanya kazi hiyo. Wazee wetu wa miaka ya 1970 walilijua jambo hili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, lakini haikuishia kwenye kutangaza: watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza pamoja, wakasoma, wakajadili hali ya kijiji chao wenyewe, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Na angalia jina lenyewe, maneno matatu, hakuna la kufafanuliwa. Hapa Dodoma miaka ya karibuni kuna Kisiki Hai, ile kampeni ya kuacha machipukizi ya visiki shambani yakue yawe miti. Aliyechagua jina hilo ameshafundisha nusu ya somo kabla ya kufika kijijini.

Soko la mahindi la Kibaigwa liko wilaya hiyohiyo, ila ni dunia nyingine. Kule sikwenda na ungo wala hadithi ya Mtunya. Mfanyabiashara ukimwanzia na ini la mtoto atasikitika kwa dhati, kisha mteja ataita naye ataondoka. Karatasi ya Kibaigwa ilianza na Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama Namanga. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kila mtu sokoni aliikumbuka wiki ile. Baada ya hapo habari za turubai na chupa zilisikilizwa bila shida. Ini nililiweka mwisho, mstari mmoja: kwamba mahindi yanayokataliwa mpakani hurudi kuliwa na watu wa hapahapa.

Karatasi ya tatu ilikwenda halmashauri, kuomba maturubai ya mfano na muda wa maafisa ugani. Hili nalieleza kwa sababu vijana hulikosea zaidi. Barua inayokwenda ofisini haina msomaji mmoja. Yule unayemwandikia ataisoma, kisha ataandika dokezo kwenda kwa mkubwa wake, na huyo mkubwa hatakuona wewe wala barua yako, ataona dokezo. Kwa hiyo kazi yako ni kumwandikia msomaji wa kwanza sentensi anazoweza kuzichukua zilivyo na kuzipeleka juu bila kuaibika. Ombi liwe aya ya kwanza, siyo ya sita baada ya historia ya kikundi. Kiasi cha fedha kiwe kimoja. Na kifungu cha mpango wa halmashauri ambacho ombi linakigusa kitajwe kwa namba, ili asikitafute. Baada ya "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu" sikuweka pambo lolote. Nilipata nusu ya nilichoomba.

Kuna rafiki yangu aliniuliza, sasa huo si unafiki? Mambo matatu tofauti kwa watu watatu. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, kwa sababu baada ya Antony huwezi kulipuuza. Nilichofanya ni kuzitandika karatasi zote tatu mezani na kujiuliza: kama mama wa Kongwa akiipata ile ya Kibaigwa, na mfanyabiashara akiipata ya halmashauri, je, kuna mstari nitakaouonea haya? Siyo jambo la kufikirika. Mama yule ana mtoto wa dada yake anayenunua mahindi Kibaigwa, na karatasi husafiri. Mistari yote ilikuwa ya kweli kwa wote watatu. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia na urefu wa kila kipande. Kama ningemwambia mfanyabiashara kwamba sumu ipo kidogo tu, au nimwambie mama kwamba kuchambua pekee kunamaliza kila kitu, hapo ningekuwa nimevuka.

Jambo moja najadiliana na Aristotle hadi leo. Yeye anasema kuaminika kwa msemaji kutokane na usemi wenyewe, siyo na sifa alizokuja nazo. Kwenye uwanja wa watu wasiokujua, sawa. Kijijini sikubaliani. Mama yule hakuniamini kwa sababu ya toleo la pili. Aliniamini kwa sababu ya mchana ule mmoja ambao vidole vyangu vilichubuka kwa karanga na sikuaga mapema. Toleo la pili lilikuja kukuta nafasi ipo. Ningeliandika nikiwa mjini, hata kwa maneno yaleyale, nina hakika lingewekewa karanga juu lisipeperuke, basi.

Na bado kuna mstari haujakaa. Zile zilizosukumwa pembeni ya ungo, zinakwenda wapi? Mama hazirudishi chunguni tena, hilo tumemaliza. Anawapa kuku. Kumwaga hawezi, na nimeshaeleza kwa nini sitamwambia amwage kwa neno lile. Lakini sumukuvu huwadhuru kuku pia, hudumaa na kupunguza mayai, na akimpa ng'ombe wa maziwa hupita hadi kwenye maziwa ambayo mjukuu wake anakunywa. Siwezi kulinyamazia hilo ili kipeperushi kipendeze. Nimejaribu kuanza na mayai, nimejaribu kuanza na mjukuu. Nimejaribu kusema zifukiwe, na nilipomsomea alitikisa kichwa: "Kufukia chakula, mwanangu? Kinachofukiwa ni mtu." Mstari huo nimeufuta mara nne.

Wa tano ninao kwenye daftari. Jumamosi ninakwenda Kongwa, mavuno ndiyo yanaanza. Nitakaa upande wangu wa ungo, nimsomee kwa sauti, nione kidole chake kinasimama wapi.